Karani, Mbwa Ninayemsomea

Jumamosi, baada ya alasiri. Joto la leo halisemeki. Upepo umekata, stima imepotea tangu saa nne asubuhi, na mimi nimekaa uani kwenye kigoda, jasho linadondokea daftari. Naandika mapema kwa sababu kesho sijui kama nitakuwa na moyo wa kuandika chochote. Kesho asubuhi kaka yangu Athmani anakuja na kamba kumchukua Karani.

Karani ni mbwa.

Haya, chekeni. Nyumba ya watu wa visiwani, binti wa marehemu mwalimu wa madrasa, na mbwa uani! Shangazi zangu wakipata habari watafukiza ubani siku tatu mfululizo. Lakini hapa ndipo mahali pangu pa kusema kweli, na kweli yenyewe ni kwamba mbwa huyu akitoka, riwaya yangu inatoka naye.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa Mombasa, nafundisha Kiswahili shule ya upili, nina chumba changu na ufunguo wangu. Mama akapigwa na kiharusi. Nikaomba ruhusa ya wiki mbili, nikaja Malindi na begi moja. Begi hilo mpaka leo liko juu ya kabati, na ndani kuna nguo sijazitoa, maana nikizitoa nitakuwa nimekubali.

Wiki mbili! Mwe!

Mimi ndiye binti wa pekee, tena sijaolewa, kwa hiyo hakuna aliyeitisha kikao. Ilijulikana tu. Kuamka, kumgeuza mama, kumwogesha, uji, dawa, kumtawadhisha, kumweka kitini aswali, kumrudisha kitandani, kisha kuanza tena. Upande wake wa kushoto hauna nguvu na ulimi umekuwa mzito, akisema anasema maneno machache na mengine hayamalizi. Nikienda dukani nakwenda mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Bahari haifiki robo saa kwa miguu kutoka hapa, na mara ya mwisho kuiona siikumbuki.

Nampenda mama yangu. Naliandika hapa juu ili lisije likasahaulika huko chini.

Karani alikuwa wa jirani yetu, Mama Kadzo, Mgiriama mmoja mcheshi kweli kweli, aliyehamia Mariakani mwaka jana kumfuata mumewe. Siku ya kuhama mbwa hakupata nafasi kwenye pikapu. Akalala siku tatu mlangoni pa nyumba tupu, akingoja. Ya nne akapenya kwenye ua wetu wa makuti, akaja kujilaza karibu na kigoda changu. Nilimfukuza kwa ufagio. Akarudi. Nikamfukuza tena, akarudi tena, safari hii akanitazama kama anayeniuliza, sasa we dada, unataka niende wapi? Swali hilo nalijua mimi. Nikampa ukoko wa wali.

Jina nilimpa kwa sababu kila nikifungua daftari huja akakaa wima mbele yangu, masikio juu, kama karani wa mahakama anayengoja shahidi aanze.

Kabla yake nilikuwa nimemaliza miaka miwili sijaandika ukurasa. Naandika mstari, naufuta. Kama wa kuandikiwa hayupo, unaandika ili iweje? Basi siku moja, kwa upweke tu, nikamsomea mbwa aya mbili kwa sauti. Nikasikia mwenyewe sentensi inapochechemea. Tangu siku hiyo kila ninachoandika humsomea. Nikianza kujionyesha, maneno makubwa makubwa, hupiga miayo akaanza kujikuna. Nikisema jambo kama lilivyo, hutulia tuli. Msiniambie ni nzi wanaomsumbua. Najua ni nzi. Lakini kurasa nilizozikata kwa ajili ya nzi hao ni nyingi, na hadithi imenyooka.

Wala simgusi. Mimi na yeye tuna mpaka wetu, ukingo wa sakafu ya saruji, na yeye anaujua kuliko baadhi ya watu wanavyojua mipaka yao. Karibu na bomba nimeweka kopo la udongo. Pua yake ikinigusa kwa bahati mbaya, naosha mara saba, moja kwa udongo, kama nilivyofundishwa na baba. Wiki nyingine ngozi ya mkono hukauka mpaka inapasuka, nikapaka mafuta ya nazi nikaendelea kuandika.

Riwaya inamhusu mwanamke aitwaye Mwanaidi, anayemuuguza mamake Kilifi. Kilifi, si Malindi. Ndiyo maficho yangu yote hayo! Kuna ukurasa Mwanaidi anasema, "Kama mama angekufa jana, leo ningekuwa ndani ya basi." Niliuandika mwezi uliopita nikausoma kwa sauti hapa hapa nilipo. Kwa mbwa. Nani mwingine ningemsomea? Karani hasuti mtu, hapeleki maneno nyumba ya pili. Dirisha la mama liko juu ya kichwa changu, lakini saa hizi huwa nimelirudishia na yeye huwa amelala.

Astaghfirullah. Nimeliandika na hapa pia.

Sasa niseme ya Jumanne. Adhuhuri niliteka maji kwenye beseni nimtawadhishe mama, nikaliacha kwenye kizingiti cha jikoni nikaingia kutafuta taulo. Taulo lilikuwa chini ya kitanda, nikakawia. Nikarudi, nikachukua beseni, nikamtawadhisha, uso, mikono, miguu, nikamweka kitini, akanuia. Kutoka nje namwona Karani ameketi kando ya kizingiti, kidevu bado kimelowa maji.

Nilisimama pale muda wote mama anaswali. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Mama rakaa nne anazimaliza kwa shida, mwili ule, na mimi nimemtia najisi usoni kwa mkono wangu mwenyewe. Alipotoa salamu nikamwambia. Ikabidi nimwoshe upya, kila palipoguswa, mara saba, moja kwa udongo nilioukoroga kwenye maji. Nikampaka mama yangu tope usoni. Alifumba macho, akaniinulia uso. Ningetamani anitukane.

Ndipo Athmani akaingia kutusalimia, akanikuta na lile tope mkononi.

"Rukia, una akili wewe? Mama mgonjwa na mbwa nyumba moja?"

Nikasema mbwa yuko uani, haingii ndani. Akasema ana mtu wake Matsangoni mwenye shamba la minazi, anataka mbwa wa kulinda, Jumapili atamfuata. Kisha akaongeza, "Ukitaka mwenzio wa kukaa naye, si uolewe?"

Miaka mitatu hajawahi kumgeuza mama hata mara moja, lakini ya kuamua anaamua yeye, na mimi nanyamaza kama niliyenunuliwa. Hasira ilinijia usiku nikiwa naosha vyombo, yaani imeshapitwa na wakati wake. Ndivyo nilivyo. Huyo Mwanaidi angalau ana ulimi, mwenye kumuandika hana.

Mama anaita. Narudi.

*

Saa kumi na mbili kasoro. Nimerudi.

Niliingia nikamgeuza, nikamfuta jasho. Akanyoosha kidole cha mkono mzima akaonyesha dirisha. "Fungua." Nikafungua, nikidhani ni joto. Akatazama nje. Karani alikuwa amelala chini pale pale, karibu na kigoda.

"Kesho?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Kesho."

Nikashika kanga nimpepee. Kisha akasema, "Yule Mwanaidi."

Jina hilo halipo popote duniani ila katika daftari langu.

"Alipanda basi?"

Nilitaka ardhi ifanye hisani yake inimeze. Miezi yote hiyo! Kila alasiri, kila ukurasa, kila tusi nililoyapa maisha haya, alikuwa amelala nyuma ya dirisha lile anasikia. Na ule ukurasa. Nikasema, "Sijaandika bado, mama."

Akayakusanya maneno yake moja moja, kama anavyovuta punje za tasbihi.

"Basi andika. Na uandike... mamake alikuwa macho."

Nikapiga magoti. Nikambusu mkono nikaomba radhi, nikalia kilio kibaya cha makamasi, mimi mtu mzima mwenye mvi. Hakuniambia nimekusamehe. Hakuniambia sijakusamehe. Aliniacha nilie mpaka kilio kikaisha, akanivuta sikio kidogo, vile alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo nikiiba sukari.

"Mpigie Athmani. Kamba... abaki nayo."

"Mama, na yale ya Jumanne?"

"Aliyepakwa tope ni mimi," akasema. "Si kaka yako."

Nikampigia kaka. Akataka kubisha, nikamwekea simu mama sikioni. Sijui alisikia nini kutoka kwa ulimi ule mzito, ila mwisho nilimsikia akisema haya, basi, na akakata.

Karani habanduki. Ningepaswa kufurahi na nimefurahi, wallahi nimefurahi, nimempa ukoko na kichwa cha samaki juu. Lakini nitasema na hili. Katika nyumba hii nilikuwa na mahali pamoja tu palipokuwa pangu, kigoda hiki na masikio ya mbwa. Kumbe hata hapa hapakuwa pangu. Na begi bado liko juu ya kabati.

Mama amekataa dirisha lifungwe. Nimerudi kukaa, nimefungua daftari, Karani amekaa wima kwenye mpaka wake. Mwanaidi amesimama kituoni Kilifi, nauli mkononi, basi linanguruma, na tangu jana nilijua kabisa kwamba anapanda. Sasa kutoka ndani nasikia sauti ya mama, nzito, inasema neno moja.

"Soma."

Nimpandishe?