Ala ya Gambuti

Jumatatu, 8 Julai
Mwanangu Masalu kajikata tena. Paja. Si sana, lakini damu imeshuka mpaka kwenye soksi. Kisu chake cha kuchunia anakifunga gazeti, anakichomeka kwenye ndoo pamoja na aproni na kinoo, ndoo anaining'iniza kwenye usukani wa baiskeli. Leo ncha imetoboa gazeti, paja likapanda likakutana nayo. Nikamwambia kiache machinjioni. Akacheka — mayu, kesho nichune kwa meno? Kweli. Pale kila mtu na kisu chake, ukikilaza hukikuti.
Mtu mzima yule, bado silali mpaka nisikie baiskeli yake.

Jumatano, 10 Julai
Kuna mtu kachomwa kisu maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, nje ya kilabu cha pombe. Mchimbaji. Hajafa, wanasema. Aliyemchoma hajulikani.
Jioni bombani, Donatus wa bodaboda kasema mbele za watu: Mama Masalu, kisu cha mwanao kinachungulia kwenye ndoo kama mkia wa mbwa, watoto wanatimua mbio! Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Sikufurahi.

Alhamisi, 11 Julai
Nimeshona ala ya kisu! Gambuti la marehemu baba yake lilikuwa uvunguni, moja tu, lingine sijui lilienda wapi. Nimekata shingo yake, nikakunja, nikashona kwa sindano ya magunia, mshono juu ya mshono. Chini, ncha inapofika, nimetia kipande cha kandambili isitoboe. Kisha nikaishonea ndani ya jaketi lake, ubavu wa kushoto, mpini juu. Akifunga zipu huoni kitu.
Nikamgeuzageuza kama bwana harusi. Kainama, kapanda baiskeli, karukaruka. Hakidondoki, hakimchomi. Akasema, mayu, ungesoma ungekuwa fundi wa ndege. Nikampiga na kanga.
Leo nitalala.

Jumapili, 14 Julai
Kanisani wametangaza yule mchimbaji amefariki. Anaitwa Valerian. Kumbe alikuwa na jina! Nimemuwaza mama yake, sijui nani atampigia simu.
Sungusungu wameanza kukagua watu njiani. Masalu hana habari — mimi wananijua, anasema. Nikamwambia hata hivyo hakionekani. Nilisema kwa raha zangu.
Ndoo inanuka mno. Nimemwambia kesho aniachie na vyote vilivyomo, nifue na aproni. Ataazima vya Masudi, bosi wake mwenye bucha. Sabuni imeisha, nitanunua kesho.

Jumatatu, 15 Julai
Wamemkamata Masalu.
Donatus kaja na pikipiki, hata hakuzima. Ilikuwa njia panda ya machinjio. Wamempapasa, wamekuta kisu ubavuni. Masalu kasema mimi mchunaji wa Masudi. Enock, kamanda wa sungusungu — Enock huyu huyu aliyechimba kaburi la mume wangu! — kamuuliza, mchunaji, aproni iko wapi? Kinoo? Ndoo yako ya kila siku? Hana. Enock kasema, kisu cha kazi siku zote nakiona kwenye ndoo. Leo kimeshonewa chumba. Kimeanza kuona aibu lini?
Wakampeleka polisi.
Kilipokuwa kinachungulia, watu walicheka tu. Mimi ndiye nimekificha.

Nimetoka kituoni. Askari kijana, kaniamkia shikamoo vizuri, kanipa na benchi. Nikamwambia ala nimeshona mimi, kwa mikono hii, mwanangu alikuwa anajikata. Kasema, mama, kila mama anayekuja hapa anasema mimi ndiye. Nimlete mwajiri wake. Masudi yuko mnadani Ushirombo kununua ng'ombe, simu haipatikani, nimepiga mpaka Donatus kaninyang'anya simu.
Masalu nimemwona kwenye korido. Hana mkanda, kashika suruali. Kaniuliza, umekula? Yeye ndiye ananiuliza mimi!
Askari kasema basi niende nyumbani nilete vyombo vyake vya kazi, avione mwenyewe kabla hajakabidhi zamu. Mwenzake anayeingia, kasema, hana masikio ya kusikiliza wazee. Nimeondoka karibu nikimbie. Vyombo vipo! Ndoo ipo, kinoo kipo.
Nimefungua ndoo.
Aproni imekakamaa. Damu kifuani, damu kwenye mifuko, damu mpaka kwenye kamba za kiunoni. Ya mbuzi. Ya ng'ombe wa Jumamosi. Mimi najua. Nani mwingine anajua? Mtu kauawa kwa kisu, halafu mimi niingie polisi nimekumbatia nguo ya mwanangu ina damu!
Nikiifua — watauliza mbona ina maji, mama ulikuwa unaosha nini? Nisipoipeleka, Enock ataapa aproni aliiona kila siku, iko wapi leo?
Ndoo peke yake, ndoo gani? Hata mimi ninayo ya kutekea maji, na kinoo kila nyumba kipo.
Masudi bado hapatikani.
Donatus anapiga honi. Kaingia mpaka mlangoni. Mama Masalu, huyo askari anatoka! Unaandika nini saa hizi?
Nimemwambia nakuja.
Beseni lina maji. Sabuni nimenunua njiani, sijui kwa nini nilisimama dukani, miguu ilisimama yenyewe. Aproni iko mapajani kwangu. Bado kavu.