Mafuta ya Taa ya Shahidi Baric

Dada yangu Dativa,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako. Sisi huku mjini tu wazima, ila kifua changu hubana upepo wa jangwa unapovuma. Natumaini mguu wa shemeji Honorato umepona na zeituni mmeanza kuzikamua.

Barua yako nimeipata. Nashukuru kwamba macho ya binti yako Restuta yanaona tena. Unasema siku ya karamu ya shahidi Baric utamleta kaburini akatwe nywele, akabidhiwe kwa mabikira wa kanisa, kama ulivyoweka nadhiri. Unasema pia kwamba analia, na kwamba yule kijana mfinyanzi, mchumba wake, alikuja kumwulizia ukamjibu kuwa binti si wako tena, ni wa Baric aliyemponya kwa mafuta ya taa yake. Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza.

Siku uliponituma nikuchukulie mafuta hayo, nilifika kaburini nikiwa na mawakili wawili wa Karthago, watu wanaonipa kazi. Wanawake wa mashambani walikuwa wamejaa na vyungu vyao vya uji, wakisukumana kwenye meza ya shahidi. Wakili mmoja akauliza kama huyo Baric, mchunga mbuzi, alijua hata kusoma, au siku hizi mbinguni watu wanaitwa kwa mluzi. Mwenzake akasema niulizwe mimi, maana sura yangu ni ya kwao. Nikacheka kuwashinda. Bibi anayetunza taa alikiona kichupa mkononi mwangu, akaniita kwa lugha yetu, akisema njoo mwanangu, moshi haung'ati. Nikajifanya simwelewi, nikapita.

Kichupa nilikijaza jikoni kwenye nyumba ya wageni. Mpishi alinipa mafuta aliyokaangia samaki, nikayachuja kwa kitambaa. Ndiyo uliyompaka Restuta huku ukiimba zaburi.

Aliyemponya simjui. Ninachojua ni kwamba mafuta yale hayakutoka kwa Baric, na nadhiri yako imesimama juu ya uongo wangu. Askofu akisema nadhiri ni nadhiri, mpe barua hii. Akitaka niyaseme haya mbele ya watu siku ya karamu, nitakuja kuyasema, hata mawakili wakiwepo.

Nisalimie shemeji na majirani. Restuta usimlazimishe kunisalimu. Msomee tu barua hii, yote.

Mdogo wako,
Vindemiale