Kompyuta Inayolala Muzee Akiwaza

Mabanga, Goma

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya yote, magoti yako yanasemaje? Na kaka yangu, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tunakula, tunalala, tunaamka, tumshukuru Mungu. Jirani yetu anayeuza vitenge anakuja Butembo kwa ile njia ndefu ya kuzungukia Uganda, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu wewe huniuliza "nini?" mpaka pesa ya simu inaisha. Barua hii isome polepole, na usimpe mtu wa mbio akusomee.

Habari kubwa ni ya baba mkwe wangu. Unamkumbuka siku ya mahari: yule muzee mrefu wa Masisi ambaye wajomba walimuuliza swali, akanyamaza mpaka shangazi akanong'ona kwamba amesinzia. Ndivyo alivyo. Maisha yake yote alichunga ng'ombe milimani, na neno lake hulitafuna kwanza. Tangu mama mkwe afariki anakaa nasi. Rafiki yake aliyekuwa akicheza naye dame, ule mchezo wa kete ubaoni, alipohama, mume wangu alimtafutia kompyuta ndogo iliyotumika, ile ya kukunja kama kitabu, yenye mchezo wa dame ndani. Muzee akaipenda. Akishakunywa chai anakaa nayo sebuleni, wanapigana.

Kisha mchezo ukaanza kuganda. Kete zinasimama, unagusa huku, unagusa kule, hakuna kinachosogea. Mpaka uizime na kuanza upya. Mume wangu akasema ni vumbi la volkano, akalipuliza. Tukasema ni joto, tukaiweka juu ya matofali ipate hewa. Fundi wetu wa Birere, Trésor, akautoa mchezo na kuurudisha upya, akatafuta virusi, akacheza mwenyewe mpaka akashinda. Haikuganda. "Iko muzuri, haina problème," akasema. Siku hiyohiyo ikaganda mbele ya Muzee.

"Inanikatalia wakati niko nawaza," Muzee akatuambia.

Hakuna aliyemwamini, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Wifi yangu mkubwa, Furaha, anayeishi Kibati, alikuwa tayari anasema kichwa cha baba yake kinapotea: anaulizwa jambo, hajibu, na sasa eti mashini inamkatalia. Akaja kujionea. Muzee akiinama tu kutafakari, yeye: "Papa, finya hapa! Finya tu!" na kidole chake kimeshafika. Mume wangu naye vilevile. Mbele yao haikuganda hata kidogo. Wakaangaliana. Wakaamua ahamie Kibati atunzwe kama mgonjwa. Waliyapanga hayo jikoni, Muzee akiwa sebuleni. Asiyekuwepo na lake halipo, hata kama yupo nyuma ya ukuta! Nililia, Mama. Ndiye anayenifungulia mlango kila nikitoka sokoni, bila neno, na kunipokea kikapu.

Unajua mlivyonichosha wewe na shangazi: mkamwana hagusi vitu vya baba mkwe, hamkatizi, hamtazami usoni. Basi kesho yake nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nachambua maharage, kimya. Muzee akakunja mikono, akawaza. Akawaza. Sahani ya maharage ikaisha, nikaanza nyingine. Aliponyoosha kidole, imeganda. Akaanza upya, akacheza harakaharaka, ikaenda vizuri. Akatulia kuwaza, ikaganda tena. Kumbe alikuwa anasema kweli tupu.

Nikamwomba ruhusa, akanipa niibebe mpaka Birere. Trésor aliponisikiliza alipiga makofi akacheka.

"Mama, miye nacheza mbio. Ningeona wapi?"

Akanieleza kwamba umeme hapa ni wa bahati, kwa hiyo mume wangu alipoinunua aliomba ipangwe isile betri sana. Sasa ikiona hakuna mkono unaoigusa, inadhani mtu ameondoka, inaanza kuvilalisha viungo vyake vya ndani, na mchezo unakwama humohumo. Vidole vya Furaha na mume wangu ndivyo vilivyokuwa vinaiamsha. Kwanza Trésor aliizuia isizime kioo. Tukangoja, ikaganda bado. Akaingia ndani zaidi, akaikataza kulaza kitu chochote wakati mchezo umefunguliwa. Tukakaa tunaitazama kama sufuria ya maziwa, hakuna kugusa. Mwisho akasogeza kete, ikakubali.

"Sasa itamungoja muzee," akasema. "Ila itakula betri."

Nilimsimulia mume wangu yote. Alitoka akakaa uani.

Jumapili Furaha akaja na teksi. Begi la Muzee alilifunga Furaha mwenyewe. Akapiga magoti mbele yake, maana si mtu mbaya, Mama, anampenda baba yake.

"Papa, unakubali twende?"

Muzee akanyamaza.

"Munaona?" Furaha akatuambia, akashika begi.

Mume wangu akaliwekea mkono. "Umuache. Anawaza."

Tukangoja. Dereva akapiga honi, hakuna aliyeitika. Nilitamani kusema chochote, nikauma ulimi. Halafu Muzee akainua uso.

"Furaha, mutoto wangu, nimesikia. Kwako nitakuja kutembea. Kulala, nitalala hapa."

Furaha akakaa chini sakafuni akalia kama mtoto, baba yake akamshika kichwa. Teksi ikarudi tupu.

Nisalimie kaka yangu na mkewe, shangazi mwenye ulimi wake, na babu mdogo, yule mkulima wa viazi. Umwambie wajukuu wanamwulizia. Utuombee barabara ifunguke nije nikukande hayo magoti kwa mikono yangu.

Ni miye binti yako,
Kavira

Nilikuwa nimemuuliza Muzee nikuandikie nini kutoka kwake. Jirani amesimama mlangoni na mizigo yake, ananuna, nimemwambia avumilie. Haya, amesema: "Uandikie mama yako: mutoto yake anatia sukari kidogo mu chai, lakini anajua kungoja mutu amalize."