Ncha ya Kuchongea Tawi Lililokufa

Chumba Na. 6, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
9 Machi

Mpendwa shemeji,

Pokea salamu zangu za dhati. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila macho yameanza kudai kustaafu. Chumba kimenyamaza tangu dada yako atangulie, miezi mitano sasa.

Mashine ndogo ya kuchongea imefika salama, ahsante. Uliniambia ncha nizichague mwenyewe kulingana na mti. Mti wenyewe ni ule mche uliotupatia ndani ya kopo la maziwa siku tuliyohama. Dada yako aliulea miaka thelathini na minane katika sahani ya udongo, akiupogoa na kuupinda kwa waya, hata leo haujapita urefu wa mkono wangu.

Nina jambo la kukiri. Alipolazwa nilishinda kando ya kitanda chake, mti nikausahau dirishani. Kila asubuhi aliniuliza, "Mti umekunywa?" Nami nikamjibu, "Umekunywa." Wiki tatu nzima nilimdanganya mgonjwa. Nilipoukumbuka, tawi la upande mmoja lilikuwa limekauka kama kuni.

Kulikata tawi hilo sikuthubutu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba tawi lililokufa halifichwi. Huchongwa hadi lifanane na mti mkongwe uliochapwa na jua na upepo, mbao nyeupe ikabaki kando ya mshipa ulio hai, ule ukanda wa ganda unaopitisha maji.

Dukani nilishika ncha nene yenye meno ya mamba. Mazoea ya msomaji wa vitabu hayo, kudhani kilicho kinene ndicho chenye faida. Muuzaji, mama mmoja mwenye ulimi mkali, aliutazama mti niliokuwa nimeupakata, akaniuliza kama nachonga mtumbwi au kidole. Akanijaribishia kwenye mguu mbovu wa meza. Ile nene ilirarua, ikaacha mashimo ambayo upepo haujui kuyachimba. Nyembamba, yenye umbo la mwali wa mshumaa, ilifuata nyuzi za mbao zilikokwenda. Nikaichukua hiyo.

Akauliza tawi lilikufa lini. Nikajikuta nataja tarehe ya mazishi. Aliacha utani, akanivutia kiti.

Jana nilichonga, kidogo kidogo. Chini ya ganda nikakuta waya wa dada yako, umemezwa na mti, umelala pembeni kabisa mwa mshipa hai. Yale meno ya mamba yangeukamata na kung'oa vyote viwili. Nikazima mashine. Waya nimeuacha ulipo.

Upande uliopona umetoa majani manne. Kila asubuhi naunywesha, kisha nasema kwa sauti, "Umekunywa." Sasa ni kweli, shemeji, ila aliyekuwa akiuliza hayupo. Nisamehe wewe kwa niaba yake, maana yeye sikumwomba.

Nisalimie mkeo, na shangazi mkubwa, na yule mjukuu wenu mcheshi, Kinanda. Mungu awajalie kila asubuhi mtu wa kuwauliza hali.

Ni mimi nikupendaye,
Shemeji yako, mzee wa vitabu