Makusu ya Lyamkena

Shamba la mkonge, Tanga
Mwezi wa Desemba

Baba yangu mpenzi,

Kamwene, Baba, na Mama naye kamwene. Kifua chako bado kinabana asubuhi, baridi ikishuka kutoka msituni? Na goti la Mama je? Mimi ni mzima, ila miiba ya mkonge imenichoma mikono hata kushika kalamu ni kazi. Posho yetu ni unga wenye wadudu na maharage yasiyoiva, na nyapara hutupigia kelele tangu alfajiri. Hayo nayavumilia. Jambo ninaloandika leo limenishinda kuvumilia. Nisamehe mapema, maana nimekasirika, na sijui kukasirika kwa adabu.

Barua yenu nimeipata. Mnasema watu wa Lyamkena wametuma neno tena kwamba hawawezi kuja kumchukua mdogo wangu Twilumba, kwa kuwa matunda ya makusu hayajaanguka mitini. Nakumbuka siku ile baba yake Zakaria alipokaa kwenye moto wako akasema kijana wake atakuja kumchukua binti yako makusu yakianguka, ili awahi kulima kwa mumewe mvua za kwanza. Ulifurahi sana, kwa kuwa ndivyo wazee wenu walivyoahidiana. Kusu halipigwi jiwe wala mti hautikiswi, watu hungoja lianguke lenyewe. Ukamwona huyo ni mtu wa subira.

Mwaka jana mvua ilikatika mikusu ikiwa na maua, yakakaukia matawini. Mwaka huu mliniandikia kwamba mvua ya mawe iliyapiga maua yakalala chini, kisha ukaja ukungu na manyunyu yasiyokoma, hata yaliyosalia yakaoza. Watu wa huku wana masika na vuli, na nikiwaambia kwetu mvua ni moja tu kwa mwaka wananicheka. Lakini ndivyo ilivyo: mkusu ukiharibikiwa maua yake, ndiyo basi hadi mwaka mwingine. Kwa hiyo miti yetu siilaumu hata kidogo.

Sasa sikia. Juzi lori lilileta manamba wapya, na mmoja wao ni Elia, mwenyeji wa Makambako, hapo karibu na Lyamkena. Aliposikia natoka Matembwe alinikumbatia kama ndugu, akafungua kapu lake. Baba, lilikuwa na makusu! Mengine yalikuwa yameoza kwa safari, lakini mengine yalikuwa mazima, yananukia.

"Onja ya nyumbani, ndugu yangu," akasema.

"Umeyatoa wapi? Kwetu hakuna hata moja."

"Kwenu labda. Lyamkena watoto wanawauzia madereva barabarani mpaka wanachoka. Na mwaka jana vilevile. Mvua yetu ilikuwa ya kiasi, haikupiga mawe."

Nilikuwa nimeshalipasua moja kwa meno, tamu ajabu. Nikamuuliza kama anaifahamu nyumba ya akina Zakaria. Akacheka. "Haya yenyewe nimeyaokota nyuma ya nyumba yao. Mama yake ndiye aliyeniruhusu."

"Na Zakaria mwenyewe hajambo?"

"Hajambo, na mkewe hajambo. Hukusikia? Ameoa binti wa jirani yao, mwaka jana, wakati huuhuu wa makusu."

Nililitema lile kusu, Baba. Elia alidhani limeoza.

Watu hawa wamekula makusu misimu miwili, wamefanya harusi, wamecheza ngoma, wamenawa mikono, kisha wakatuma mjumbe apande mpaka kwako na uso mkavu kusema makusu hayajaanguka! Yapi? Ya kwetu! Wameijua mvua ya mawe iliyopiga kwetu wakaifanya mlango wa kujifichia. Wanajua sana kwamba anayevunja uchumba ndiye anayepoteza. Wakivunja wao, mbuzi na majembe ya mahari waliyoleta yanabaki kwako. Wanangoja sisi tuchoke, tuvunje sisi, virudi kwao. Waongo! Na wanaingia kanisani kama wengine!

Lakini nusu ya hasira yangu ni juu yako, Baba, na nitasema. Wauguzi wa misheni ya Bulongwa walimtaka Twilumba wamfundishe kazi yao. Walituma neno mara mbili, nawe ukajibu kwamba binti huyu ana mwenyewe. Nasikia unashuka bondeni, unasimama chini ya mikusu, unainua kichwa kutafuta tunda, unarudi mikono mitupu. Wewe umeshika neno lako, nami sikudharau kwa hilo. Lakini umelishika neno ambalo mwenzako amekwisha kulitupa, na anayelipa ni mwanao. Wenzake wana watoto mgongoni au wana kazi. Yeye anaitwa mchumba wa mtu, na mtu mwenyewe ana mke.

Rudisha mbuzi, rudisha majembe, na lile blanketi walilomletea Mama nalo lirudi. Waache washinde. Mimi nitavumilia unga huu mpaka mkataba uishe, kisha nitakununulia mbuzi wengine. Bulongwa wanapokea wasichana baada ya Krismasi, wala hawatangoja mti wa mtu uzae.

Nisalimie shangazi anayeuza ulanzi, na umwambie nimeota kikombe chake. Nisalimie babu mzaa Mama, na shemeji fundi mbao, na mtoto wake niliyemwacha akitambaa. Mchungaji naye msalimie, lakini umuulize kama wenzake wa Makambako wanajua kilichotendeka.

Na wewe Twilumba, hapo nyumbani hakuna mwingine ajuaye kusoma, kwa hiyo habari hii umeipata kwa kinywa chako mwenyewe mbele ya Baba na Mama. Nisamehe, mdogo wangu, sikuwa na njia nyingine. Kama uliruka neno lolote ili kumsitiri Baba au kujisitiri wewe, rudi juu ulisome. Ukimaliza, usilie kwanza, usimtetee Baba, usikimbilie jikoni. Kaa palepale ulipo, umtazame Baba, na unyamaze mpaka aseme yeye.

Mimi mwanao, na kaka yako,
Lutengano