Picha Iliyonivunjia Ndoa

Jumatano, Kisauni. Joto la leo ni la kubandika dera mgongoni. Umeme umekatika tangu adhuhuri, nami nimekaa sakafuni kwa sababu ndiyo baridi pekee iliyobaki katika nyumba hii. Zimebaki siku tisa niolewe na Salim. Kila anayenipigia simu anasema nasikika mwenye furaha. Hawanioni.

Asubuhi alinipigia mamake Salim. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole wake ule ule, kisha akasema, "Mwanangu, nimekupatia mpiga picha. Mwanamke, hodari wa kazi, wallahi picha zake ni za kutiwa fremu. Lakini mwezi huu wa Shaabani kila wikendi anagombaniwa kwa harusi. Ataka jibu leo."

"Inshallah mama, nitakujibu."

Nikakata simu kabla hajaniuliza zaidi.

Blogu hii haina jina langu, basi acha niandike. Hii ni ndoa yangu ya pili. Siku niliyopambwa katika ile ya kwanza, ukumbi ulikuwa wa wanawake watupu. Shangazi zangu walisimama mlangoni na beseni la plastiki, kila mgeni akatia simu yake humo, na hata bibi mmoja asiyejua kupiga picha alipekuliwa mkoba. Nikakaa jukwaani kichwa wazi, mabega wazi, asumini nyweleni, nikijua hakuna mwanamume atakayeniona. Simu zote tulizikusanya. Kamera tuliyoikodi wenyewe hakuna aliyeifikiria.

Wiki tatu baadaye mpiga picha yule aliniweka kwenye ukurasa wake mtandaoni, kutangaza kazi. Hakuniuliza. Mume wangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Mteja aliyekuja kununua misumari akamwonyesha simu, akamuuliza, "Si mkeo huyu?" Picha iliondolewa siku hiyo hiyo, lakini ilikuwa imeshazagaa. Miezi minne alinisimanga kana kwamba ni mimi niliyeipeleka. Wa tano akaniandikia talaka.

Salim hajui. Nilimwambia tu kwamba hatukuelewana, naye, mstaarabu wa watu, hakuuliza zaidi.

Mchana nilimwendea shangazi Mwanaisha, dadake baba, nikamwomba shauri. "Mwambie mavyaa wako hupendi picha, yaishe," akasema. "Ya kale hayanuki." Nikarudi nyumbani nimeamua hivyo. Ni uongo mdogo, na mimi mwalimu wa chekechea nimezoea hadithi.

Kisha nikaifungua ile picha. Ninayo kwenye simu miaka yote hii, sikuwahi kuifuta. Nyuma yangu amesimama mama, ananirekebishia asumini, anacheka mpaka pengo linaonekana. Mama hakukubali kupigwa picha maisha yake yote, ila ya kitambulisho, nayo amekunja uso kama aliyesingiziwa wizi. Siku ile alikubali kwa kuwa tulikuwa wanawake watupu. Alifariki mwaka juzi, na sina picha nyingine anayocheka.

Nimelia kwa sauti, peke yangu, kama mtoto wa darasani kwangu.

Nataka picha. Huo ndio ukweli. Nataka mtu anayejua kazi yake anipige na shangazi zangu na dada zangu tungali hai. Na naogopa kwamba picha itatoka tena, nitaachwa tena, na safari hii sina mama wa kunipokea mlangoni.

Baada ya alasiri nilimpigia Salim kazini, bandarini, nikamweleza yote. Nilisema haraka haraka, maana ningepumzika nisingeendelea. Nikamwambia mpiga picha nitamkubali kwa sharti moja: memori kadi ya kamera ibaki mkononi mwangu, asitoke nayo ukumbini. Nikamwambia pia kwamba hata hivyo siwezi kumwapia kuwa hakuna kitakachotoka.

Nilisikia vyuma vikigongana nyuma yake. Kisha akasema, "Nitakupigia," akakata.

Saa mbili zimepita. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini hakuna aliyenionya kwamba kuufunua kunauma hivi. Kila simu ikitikisika naidaka, nami nakuta ni fundi wa nguo au dada anauliza habari za hina.

Nimewaza na kuwazua. Salim akiwa ni mtu wa kuniacha kwa ajili ya picha, basi aniache leo, ningali kwetu, kabla sijaitwa mkewe.

Maghrib inaadhiniwa. Mamake ameandika tena kuuliza. Nimemjibu: "Naam mama, mwambie aje. Nina sharti moja, nitamweleza mwenyewe."

Nimeshautuma ujumbe. Mwanawe bado hajapiga.