Waifai Imefika Chumbani kwa Mama

Derb Tuta,
Fes.
Jumamosi, 12 Novemba 2022

Mpendwa kaka yangu Tayeb,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umevaa ile sweta niliyokutumia badala ya kuitunza kabatini kama mali ya urithi. Je, kile kikohozi kimeisha? Usinijibu "kidogo", nakujua. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mguu wa Mama bado unamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Jana kwenye simu uliniuliza tumefanya nini hata picha ikatulia vile, nami nikakujibu kwa mkato kwa sababu Mama alikuwa ameniegemea bega. Leo nakueleza yote. Nimeshika kalamu kwa makusudi, maana barua huwezi kuikatiza.

Nayakumbuka vizuri maneno yako ya mwezi wa nane. Ulisema kama hadi mwisho wa mwaka huwezi kumwona Mama kila wiki ukajua hali yake, basi nyumba iuzwe na yeye ahamie ghorofa kule mji mpya. Nilikasirika, sikufichi. Nililia jikoni nikasingizia vitunguu. Lakini nilijua huna nia mbaya. Picha ilikuwa ikiganda kila mara, na mara nyingi iliganda wewe umetazama pembeni, Mama akabaki anasema, "Mwanangu amenigeuzia uso." Hilo sikuwahi kukuambia.

Basi nikaanza kutafuta dawa. Binamu yetu Othman, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa jawabu, alituletea chombo cheusi cha waifai chenye antena nane, kimekaa kama kaa aliyepinduliwa. Akaapa kwamba kinafika hadi mtaa wa pili. Kweli kilifika: jirani yetu Batul alikuwa akikipata vizuri sana juu ya paa lake, na Mama chumbani hapati kitu. Othman akasema kosa ni la kuta. Nikamwambia, "Kuta zipo hapa miaka mia tatu, Othman. Wewe ndiye umekuja jana."

Nikaenda kwa Bwana Mfeddal, Si Mfeddal kama tunavyomwita, yule mzee mwenye duka la redio karibu na wafua shaba. Alikuja, akaweka kiganja ukutani, akacheka.

"Binti yangu, huu si ukuta, hili ni jabali. Hata mkinunua chombo chenye nguvu zote za dunia, hakipiti. Mnataka vidogo viwili, kila kimoja karibu na mtu wake, na waya wa kuviunganisha."

Nikamuuliza kuhusu vile visivyohitaji waya, vinavyopokezana vyenyewe kutoka chumba hadi chumba. Akasema navyo vitapokezana kupitia jabali lilelile. Akachagua viwili vyeupe, bapa, vya ukubwa wa kisahani. Nilivipenda papo hapo, havina majivuno.

Kazi ikawa ni wapi pa kuviweka. Mama alitoa sharti moja: asiyeitaka mikono yake atoboe vigae vya babu. Si Mfeddal akazunguka nyumba nzima na simu yake mkononi, na kwa kuwa ni mtu wa adabu za zamani, kila alipogeuka kona aliita "Njia! Njia!" ili wanawake wajistiri. Batul naye alikuwepo, amekuja "kusaidia", yaani kutazama. Fundi akapanda juu, akaita, akaingia, akamkuta Batul kitambaa mkononi na nywele mabegani. Kelele zake nadhani ulizisikia huko Lille.

Mama akatoka chumbani kwake na fimbo. "Fundi, mbona unanyemelea watu kama paka?"

"Hajja, nimeita mara tatu!"

"Umeitia wapi?"

"Pale juu, nyuma ya nguzo."

"Aa, pale! Pale hata mimi nikiita watu waje kula, hasikii mtu."

Si Mfeddal akamuuliza, "Na wewe Hajja, ukiita watu waje kula, unasimama wapi?"

Mama akamwonyesha kwa fimbo: mlangoni mwa jikoni, hatua moja kuingia uani. Fundi akasimama pale, akaita "Njia!" kwa sauti yake yote. Mimi nikawa napita chumba hadi chumba nikiitikia. Vyote vilisikia isipokuwa kimoja. Akapima na simu, ikawa vilevile. Alisema sauti na mawimbi ya waifai si kitu kimoja, ila katika nyumba yenye kuta kama hizi vyote hutegemea milango na madirisha yaleyale. Basi kisahani cha kwanza kimekaa kwenye boriti juu ya mlango wa jikoni, na waya umepita katika tundu la kamba ya taa ya uani. Hakuna kigae kilichoguswa.

Kile chumba kimoja kisichosikia ndicho cha Mama. Fundi alishangaa. Mama akasema taratibu tu, "Mimi ndiye mwitaji. Kwangu nani aniite?" Kaka, miaka yote hiyo hatukuwahi kuligundua jambo hilo. Kisahani cha pili tumemwekea yeye, juu ya kabati.

Sasa nije kwenye hiyo jana. Baada ya kuaga, wewe ulidhani umemwona Mama vizuri, ukafurahi. Mama hakuinuka mahali pake. Alisema, "Umeona? Amekula amesimama, kutoka sufuriani, na leo ni Ijumaa, siku ya watu kula pamoja. Meza yake ina kiti kimoja. Na ndevu zake zimeota mvi, hakuna aliyeniambia." Kumbe miezi yote ile picha mbovu ilikuwa inakusitiri.

Shangazi Khnata wa Roubaix ukimwona msalimie, mwambie kanzu yake iko tayari. Batul anakusalimu, Si Mfeddal pia. Othman anasema bado ana kile chombo cha antena nane kama unaijua nyumba inayokihitaji.

Nilimuuliza Mama nikuandikie nini kuhusu kuuza. Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto, akasema, "Mwandikie mimi naonekana, nimeshaonwa, yamekwisha. Mtu wa kuhama si mimi. Na nyumba tukiiuza, yeye atarudi wapi?" Asubuhi hii nimemkuta uani na mguu wake ule mbovu, anakiburuta kiti kimoja baada ya kingine hadi kwenye meza ya chumba chako cha zamani. Nilitaka kumsaidia akanikataza. Ameweka vinne.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini na akulainishie moyo, kaka yangu.

Dada yako akupendaye sana,
Ghita